Sura ya Nne: Nyoka Mapajani mwa Rais

Mwezi Septemba 1907, Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani, alikuwa ofisini akizungumza na Mwanasheria Mkuu wa serikali yake, Charles Bonaparte, mtu ambaye babu yake alikuwa ndugu wa Napoleon. Mara akaingia Quentin, kitinda mimba wa Rais, aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka 10. Miguuni alivaa viatu vya magurudumu, na mikononi alikuwa na nyoka watatu. Alitoka nao kwenye duka la wanyama mjini, na hakuona sababu ya kungoja hadi jioni ndipo amwonyeshe baba yake. Akawamwaga wote mapajani mwake.

Mmoja wa nyoka hao alikuwa mkubwa, wa aina isiyo na sumu ambayo hula nyoka wenzake, na muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameng'ang'ana kummeza mmoja wa wale wadogo. Roosevelt hakupiga kelele wala hakuita askari. Alimwambia mwanawe kwamba yeye ana mazungumzo ya kisheria, basi heri apite chumba cha pili, ambako wabunge wanne wamekaa wakingoja zamu yao na nyuso zimewasinyaa kwa kungoja. Quentin aliona shauri hilo ni jema sana. Akawaendea mbio, akiwa na hakika kwamba amepata watu wa kufurahi naye.

Wabunge walidhani ni nyoka wa kuchonga kwa mti. Walipowaona wanajinyonga, kila mmoja alirudi nyuma. Katikati ya purukushani, yule nyoka mkubwa akapenya ndani ya mkono wa koti la Quentin na kuanza kupanda juu. Kumvuta arudi chini kulikuwa kazi, maana magamba ya nyoka yamelala kuelekea mkiani, na akivutwa kinyumenyume yanakwaruza na kushika. Mara ya mwisho Rais alipowatupia jicho, mbunge mmoja alikuwa anamsaidia mtoto kuvua koti, kwa ncha za vidole, ili nyoka apate kutokea upande wa begani.

Tunayajua haya kwa sababu Roosevelt mwenyewe aliyaandika, katika barua kwa Archie, kaka yake Quentin, aliyekuwa shule ya bweni huko Groton, Massachusetts. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa sura nzima imeegemea hapo: kisa kile kiliandikwa kwa ajili ya mtoto ambaye siku hiyo hakuwepo nyumbani.

Yeyote aliyepata kusoma bweni anajua thamani ya habari za namna hiyo. Unarudi likizo, begi bado liko mkononi, wadogo zako wameshakuzunguka, kila mmoja anataka aanze yeye: jogoo alivyomkimbiza mjumbe wa nyumba kumi mpaka akaacha kiatu, mbuzi alivyoingia sebuleni wageni wa posa wakiwa wamekaa, akala majani ya plastiki yaliyokuwa kwenye chombo cha maua. Wanakatizana, wanasahihishana, mama naye anasikika kutoka jikoni akisema haikuwa hivyo. Kisa hunoga zaidi kwa kuwa wewe ulikikosa. Walioshuhudia wanalazimika kukuchorea kila kitu, nani alisimama wapi na alivaa nini, na katika kuchora huko wanamrudisha nyumbani mtu aliyekuwa mbali. Naamini ndiyo sababu visa vya familia ya Roosevelt vimedumu zaidi ya miaka 100 huku hotuba nyingi za Rais huyo zikisomwa na wanahistoria peke yao.

Roosevelt aliingia madarakani Septemba 1901, baada ya Rais William McKinley kupigwa risasi mjini Buffalo na kufariki. Alikuwa na miaka 42, na hakuna aliyewahi kushika urais wa nchi ile akiwa kijana kuliko yeye. Alihamia Ikulu na mkewe Edith pamoja na watoto sita. Alice, kifungua mimba, alikuwa wa mke wa kwanza, aliyefariki siku mbili tu baada ya kumzaa mwaka 1884. Edith akazaa Ted, Kermit, Ethel, Archie na Quentin. Katika shamba lao la Sagamore Hill, kwenye kisiwa cha Long Island, watoto hawa walikuwa wamezoea kuishi na kila kiumbe wanachoweza kukibeba. Walipohamia Washington hawakuona kwa nini mambo yabadilike. Baba yao naye alikuwa mtu wa wanyama tangu utoto: alikuwa mvulana mwenye pumu aliyekusanya ndege na panya chumbani na kuwapa majina yao ya kisayansi.

Orodha ya waliopita katika nyumba ile ni ndefu, na sitaimaliza. Kulikuwa na mbwa, paka, sungura, kuku, kobe, panya wa madoadoa aliyepanda juu ya kila mtu bila kubagua, panya wa jangwani wa kurukaruka kwa miguu ya nyuma, na kasuku mkubwa wa buluu kutoka Amerika Kusini aliyeitwa Eli Yale. Kasuku huyo alitambaa juu ya Ted mchana kutwa. Rais, aliyewahi kuongoza askari vitani Cuba mwaka 1898, alimtazama kwa mashaka makubwa, akisema mdomo ule unaweza kutoboa chuma cha boila.

Majina yenyewe yalikuwa chanzo cha vituko. Watoto walikuwa na simbilisi kadhaa, na waliwapa majina ya watu waliowaheshimu: mmoja aliitwa Admirali Dewey, shujaa wa jeshi la majini, mwingine aliitwa kwa jina la askofu, mwingine la mchungaji wa kanisa lao. Mmoja akapewa jina la padri Mkatoliki wa jirani, Padri Grady, ambaye watoto walimpenda sana. Hakuna aliyechunguza jinsia. Siku moja wawili kati ya watoto waliingia mbio katika chumba walimokaa wazazi wao, pumzi zimewaishia kwa furaha, wakatangaza kwamba Padri Grady amezaa watoto.

Roosevelt alilisimulia hilo katika kitabu cha maisha yake, na hapohapo akaeleza kwa uzito kabisa kwa nini simbilisi anafaa kufugwa na watoto wadogo. Simbilisi, alisema, hana makuu na hashtuki ovyo, kwa hiyo anastahimili mapenzi ya mtoto anayependa kupita kiasi. Hiyo ni kauli ya mtu aliyekaa chini na kutazama. Nimeona simbilisi akibebwa kwapani na mtoto wa miaka minne kuanzia asubuhi hadi mchana, na sikumwona akilalamika.

Dubu naye alipata jina kwa njia yake. Wafuasi wa Rais katika jimbo la West Virginia walimtumia dubu mchanga, na watoto wakamwita Jonathan Edwards, kwa jina la mhubiri mashuhuri wa karne ya 18 aliyejulikana kwa mahubiri makali juu ya hasira ya Mungu. Edith alikuwa wa ukoo wa mhubiri huyo, hivyo jina lilikuwa heshima kwa mama. Sababu ya pili ni kwamba watoto waliona tabia ya dubu inalingana na mahubiri yenyewe. Hakukaa sana, alipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York.

Mwaka 1903 Rais alifanya ziara ndefu ya treni kwenda majimbo ya magharibi. Katika mji mdogo wa Sharon Springs, Kansas, msichana mmoja alimpa zawadi ya kitoto cha baja, mnyama mchimbaji wa jamii moja na nyegere wetu. Roosevelt alimpa jina la Josiah, akawa anamlisha maziwa na viazi ndani ya treni ya Rais, na njiani aliwaandikia wanawe habari zake. Fikiria kazi iliyokuwa mbele yake: umati wa watu kila kituo, magavana, bendi za tarumbeta. Bado alipata nafasi ya kumwandikia mtoto kwamba Josiah ni mzuri na kwamba yeye humshika mikononi na kumbembeleza.

Josiah alipofika nyumbani, Archie alimchukua akawa wake. Baja ana miguu mifupi na kiwiliwili bapa; Rais alisema anafanana na godoro dogo lililowekewa mguu kila pembe. Mwili wa namna hiyo hauna kiuno, lakini Archie alimbeba kwa kumkumbatia pale ambapo kiuno kingekuwa, uso wa mnyama umeelekea usoni pake. Baba alimwonya kwamba ataumwa. Archie akamtuliza: Josiah wakati mwingine huuma miguu, lakini nyuso hagusi. Ni jibu la mtaalamu, na lilitolewa na mtoto wa miaka tisa aliyekwisha kufanya uchunguzi wake kwa gharama ya ngozi yake mwenyewe.

Barua ninayoipenda kuliko zote ni ya Januari mwaka huohuo wa 1903, aliyoandikiwa Kermit, ambaye naye wakati huo alikuwa Groton. Inamhusu paka mchanga aliyeitwa Tom Quartz, jina walilolitoa kwa paka wa hadithi ya mwandishi Mark Twain. Tom Quartz alikuwa mtundu. Kutwa aliwavizia Archie na Quentin wanapocheza kibe, na mmoja akitokea mafichoni, paka humrukia mguuni.

Jioni moja alikuja Joseph Cannon, mbunge wa Illinois, aliyekuwa karibu kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi. Cannon alikuwa mzee wa miaka 66, mwenye ndevu kidevuni na sura isiyocheka, mtu ambaye wanasiasa wa Washington walipima maneno mbele yake. Walizungumza na Rais hadi usiku. Alipoaga na kuanza kushuka ngazi, Tom Quartz alikuwa anapita zake, mkia juu. Akamwona mtu anashuka ngazi. Katika hesabu za paka, mtu anayeshuka ngazi ni mwenzake katika mchezo, naye anatoroka. Akamkimbilia, akamkumbatia mguu kwa nguvu, akamwachia, akampita mbio hadi chini. Cannon hakuruka wala hakusema neno. Alimtazama paka kwa utulivu mkubwa, bila dalili yoyote ya mshangao, akaendelea kushuka.

Hebu tuangalie jinsi kisa hiki kilivyoundwa. Msimulizi hakusema kwamba paka alimvunjia mgeni heshima. Aliingia ndani ya akili ya paka, akaeleza kosa lake la kimantiki, na akamwachia mzee Cannon heshima yake yote. Hakuna anayedhalilishwa. Kermit, aliyemjua Tom Quartz na kuzijua ngazi zile, naamini alicheka akiwa peke yake bwenini, na kwa dakika hiyo alikuwa nyumbani. Wasimulizi wengi wa vituko vya wanyama hukosea hapa: wanatafuta wa kuchekwa. Paka hajui cheo cha mtu, na nyumba ya mkuu wa nchi imejengwa juu ya vyeo, nani aingie mwanzo, nani akae karibu na nani. Vikikutana hivyo viwili, msimulizi hana haja ya kutia chumvi.

Paka mwingine wa nyumba ile, Slippers, wa rangi ya kijivu na mwenye vidole sita mguuni, alithibitisha jambo hilo bila kusogea. Usiku wa karamu rasmi mwaka 1906 alijilaza katikati ya zulia la ukumbi wakati wageni wanatoka mezani wawiliwawili kwa itifaki. Rais alikuwa mbele, amemshika mkono mke wa balozi. Alipomfikia paka alimpeleka bibi yule pembeni, wakazunguka, na mabalozi wote waliokuwa nyuma wakazunguka vilevile. Slippers aliendelea kulala.

Alice hakuhitaji paka. Alikuwa msichana aliyevuta sigara hadharani enzi ambazo binti wa heshima hakufanya hivyo, na alikuwa na nyoka wake mdogo wa kijani aliyemwita Emily Spinach. Spinachi ilikuwa kwa sababu ya rangi. Emily lilikuwa jina la mama mdogo, yaani mdogo wake Edith, ambaye alikuwa mwembamba mno. Alice alikwenda na nyoka huyo karamuni, amemweka ndani ya mkoba. Sijui kama kuna mama wa kambo aliyewahi kupewa mtihani kama huo, wa kuketi meza moja na nyoka aliyepewa jina la ndugu yake wa tumbo moja. Edith aliumudu. Alikuwa mtu wa utaratibu, mshika hesabu wa nyumba, na bila yeye nyumba ile isingekalika.

Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha Algonquin, poni wa Archie. Kimesimuliwa na wengi na kila mmoja amekikoleza, kwa hiyo nitasema yale wanayokubaliana. Archie alilala kitandani kwa surua, chumba cha juu. Quentin, mwenye miaka mitano hivi, aliamua kwamba dawa ya kaka yake ni kumwona farasi wake. Kwa msaada wa mtumishi wa zizini alimwingiza Algonquin Ikulu, akamtia ndani ya lifti, akampandisha hadi ghorofa ya vyumba vya kulala. Wapo wanaoongeza kwamba lifti ilikuwa na kioo, na poni alipojiona hakutaka kutoka. Archie alipona. Surua mara nyingi hupona yenyewe, lakini nani angethubutu kumwambia Quentin?

Mbwa walikuwa wengi, na nawapita. Pete, aliyekuwa na tabia ya kuuma, anasimuliwa kwamba alimpandisha mtini balozi wa Ufaransa, Jules Jusserand, baada ya kumchana suruali, na mwishowe akahamishiwa Sagamore Hill. Ila Skip lazima nimtaje. Huyu alikuwa koko mdogo, ambaye Rais alimpata Colorado mwaka 1905 alipokwenda kuwinda dubu. Skip alichoka kukimbia na mbwa wakubwa, akawa anapanda farasi pamoja na Rais. Nyumbani akawa wa Archie, na mchezo wao ulikuwa mashindano ya mbio katika ukumbi wa juu: Archie alimbana Skip katikati ya miguu yake, akahesabu, kisha akamsukuma nyuma na kutimua mbio ili atangulie kabla mbwa hajapata kukaza miguu kwenye sakafu iliyong'arishwa. Skip alikufa mwaka 1907, akazikwa katika uwanja wa Ikulu. Familia ilipoondoka mwaka 1909, Edith alitaka mabaki yake yafukuliwe yakazikwe Sagamore Hill. Hakutaka abaki kwa marais ambao huenda wasingempenda.

Mwezi Machi 1909 Roosevelt alikabidhi urais, na kabla mwezi haujaisha akaanza safari ya kuja kwetu. Alishuka Mombasa mwezi Aprili pamoja na Kermit, wakapanda reli hadi bara, na kwa karibu mwaka mzima walikusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian ya Washington. Wapagazi walimwita Bwana Mkubwa. Kermit alianza kuwa Bwana Mdogo, kisha wakamgeuzia jina akawa Bwana Maridadi. Baba na mwana waliua wanyama 512 kwa bunduki zao, wakiwemo simba 17 na tembo 11.

Siwezi kuipita hesabu hiyo kimya, kwa kuwa wanyama hao walikuwa wa nchi zetu. Mtu aliyemlisha baja viazi ndani ya treni ndiye aliyempiga risasi tembo, na moyoni mwake hakuona mgongano. Ni Rais huyohuyo aliyetenga mamilioni ya ekari za misitu na kuanzisha hifadhi za ndege nchini mwake. Baadhi ya waandishi humchagua mmoja wakamficha mwingine. Mimi nawaona wote wawili katika barua zilezile: jicho kali linalojua mnyama hugeuza shingo vipi na hukanyaga vipi ni jicho la mwindaji, na ndilo lililomwona Tom Quartz akimkadiria mzee Cannon. Tofauti ni kwamba wanyama wa nyumbani walikuwa na majina, na mwenye kuwapa majina alikuwa mtoto.

Watoto walikua. Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, wana wote wanne walikwenda. Archie alijeruhiwa vibaya. Quentin akawa rubani, na tarehe 14 Julai 1918 ndege yake iliangushwa nchini Ufaransa. Alikuwa na miaka 20. Baba yake alifariki Januari 1919, miezi sita baadaye.

Kabla ya kifo chake alikuwa amekubali barua zake kwa wanawe zichapishwe. Mhariri wake, Joseph Bucklin Bishop, alieleza kwamba Roosevelt alimwambia angependa kitabu hicho kitoke kuliko chochote kilichowahi kuandikwa juu yake. Kilitoka mwaka huohuo wa 1919, na nyoka wa Quentin wamo, na mbunge aliyeshika koti yumo. Archie, aliyeandikiwa barua ile, aliishi hadi mwaka 1979. Alice alifariki mwaka 1980 akiwa na miaka 96, na mpaka uzeeni watu wa Washington walimwendea kusikiliza vituko vyake.